Mpelelezi Yuleyule

Jumamosi, saa nane na nusu mchana. Manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya Majengo, mtaa wa Goma, tangu adhuhuri, na mlima Nyiragongo haukuonekana. Sebuleni kwa Muzee Aruna walikuwamo watu watatu: mzee mwenyewe kwenye kiti chake cha mbao, dada yake Fatuma mkekani akichambua mchele, na binti yake Nasiba karibu na dirisha, penye mwanga, kitabu mkononi.

Nasiba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Katindo. Kila Jumamosi alimsomea baba yake. Muzee Aruna alikuwa ameendesha lori miaka yote ya nguvu zake, Goma hadi Butembo na kurudi. Kurani aliisoma vizuri, lakini Kifaransa chake kilikuwa cha barabarani, cha kuulizia mafuta na kugombana na mafundi. Kwa hiyo Nasiba alisoma kwa macho kwa Kifaransa na kusimulia kwa mdomo kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, bila kusita. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya mauaji. Mzee hakutaka vingine. Siku moja Nasiba alimjaribia hadithi ya mapenzi, naye akasinzia kabla wapenzi hawajajuana majina.

Msimu huu wa mvua walikuwa wamekwisha kumaliza viwili. Cha kwanza kilihusu mpishi aliyekutwa amekufa ndani ya chumba cha barafu cha hoteli moja ya Uswisi. Cha pili kilihusu mwanamke aliyepanga chumba na kukuta nguo za mpangaji aliyemtangulia zingali kabatini, na kiatu kimoja chini yake. Usiku ule Fatuma aliacha taa ikiwaka mpaka asubuhi, kisha akasema alikuwa amesahau kuizima.

Cha tatu, ambacho Nasiba alikuwa nacho sasa, hakikuwa cha kubuni. Mwandishi wa gazeti alieleza jinsi mfamasia wa mji mmoja mdogo wa Ubelgiji alivyompa jirani yake sumu. Kwa kitabu cha namna hiyo Muzee Aruna alikuwa na kanuni yake. Kabla ya ukurasa wa kwanza aliuliza jina la marehemu.

"Odile," Nasiba alikuwa amemjibu.

Mzee alikunjua mikono na kumwombea.

"Papa, huyu alikuwa Mkristo."

"Alikuwa mutu. Endelea."

Leo Nasiba aliendelea, lakini moyo wake haukuwa Ubelgiji. Kesho asubuhi wazee wa kijana aitwaye Yuma wangekuja kutoka mtaa wa Murara kuleta posa. Yuma aliuza vitenge, familia yake ilitoka Kindu, na shangazi Fatuma alikuwa ameipanga safari hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Wazee wakishapokewa na kunywa chai, kuwarudisha kungekuwa tusi. Nasiba alikuwa na siku hii moja tu ya kumwambia baba yake kwamba moyo wake ulikuwa kwa mwanaume mwingine. Mwanaume huyo angefika saa tisa, akijifanya analeta kitabu. Nasiba alikuwa ameazimia kusema kabla mgeni hajafika. Sura moja ilipita, ya pili ikapita, na mdomo wake haukupata njia.

"Mpelelezi akaingia dukani kwa mfamasia," alisimulia. "Alivua viatu mlangoni. Hakuuliza kitu. Alitoa miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati, akatazama rafu za dawa. Kisha akasema, 'Tuanze na mambo madogo. Makubwa yatakuja yenyewe.'"

"Simama hapo," alisema Muzee Aruna.

"Papa?"

"Funga kitabu."

Katika nyumba ile, maneno hayo yalikuwa na maana moja. Kabla ya sura ya mwisho kitabu hufungwa, na kila mtu hulazimika kumtaja muuaji pamoja na sababu zake. Lakini sura ya mwisho ilikuwa mbali bado.

"Muuaji tunamujua," alisema Fatuma, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Picha yake iko hata kwenye mugongo ya kitabu. Yaya, kaka yangu, acha mutoto amalize. Kesho tuko na wageni, na hii nyumba haijapanguswa."

"Simutafuti muuaji. Natafuta mutu mwengine." Mzee alijiweka sawa kitini. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulimtia Nasiba wasiwasi. "Kitabu ya kwanza, ile ya hoteli. Mpelelezi alikuwa Musuisi. Alifuta miwani na nini?"

"Na pindo la shati, papa."

"Muzuri. Ya pili, ile ya kiatu mumoja. Mpelelezi alikuwa mwanamuke. Tena ulituambia amevaa robe, gauni ya rangi ya majani. Alifuta miwani na nini?"

Nasiba aliinamisha macho kwenye jalada la kitabu.

"Na pindo ya shati!" alijibu Fatuma kwa niaba yake. "Mimi nilishangaa. Nikajiuliza, ile shati imetoka wapi?"

"Mimi nikasema labda njo mode, ndio mutindo ya kule," alisema mzee. "Nikanyamaza. Lakini bote batatu wanavua biatu mulangoni, hata kwenye nyumba ya maiti. Fatuma, nimebeba Bazungu wengi katika lori. Ulishaona Muzungu wa kuvua biatu mulangoni?"

"Hata siku moja."

"Na bote batatu wanasema tuanze na mambo madogo. Bitabu bitatu, waandishi batatu, inchi tatu. Na hii ya leo, binti yangu, unaniambia ni ya kweli kabisa." Aliinua kidole. "Basi, moja kati ya mawili. Ao bapolisi bote ba Ulaya ni mutu mumoja, ao ule mutu anatembea hapa Goma. Anaitwa nani?"

Mchele uliacha kurushwa kwenye ungo. Nasiba alihisi damu ikimpanda usoni. Hakuwa amefanya kwa kusudi. Waandishi wale walieleza maiti kwa kurasa nzima, kisha wakamsahau mpelelezi, wakamwacha bila mikono wala mazoea. Kila alipofika mahali patupu namna hiyo, ulimi wake ulitafuta mtu wa kupajaza, na ulimjua mmoja tu.

"Cédrick," alisema.

Nasiba alikuwa amemwona kwa mara ya kwanza kwenye ofisi ya boti zinazokwenda Bukavu. Siku hiyo Nasiba alisahau riwaya yake kitini, akarudi kesho yake kuiulizia. Karani, Cédrick mwenyewe, aliitoa ndani ya sanduku la vitu vilivyopotea, akampa kwa mikono miwili.

"Umeisoma?" Nasiba alimuuliza, kwa kuwa alama ya kurasa ilikuwa imehamishwa.

"Mpaka mwisho. Nisamehe."

"Usiniambie ni nani!"

"Hata ukiniomba, siwezi kukuambia."

Nasiba alirudi nyumbani akifikiri kwamba mwanaume anayejua muuaji na kunyamaza ni mwanaume wa kuaminiwa siri. Tangu siku hiyo, abiria walipoacha vitabu na kutorudi kuvidai, vilimfikia yeye. Pamoja na vitabu zilikuja chai za kwenye kibanda cha bandarini, na mazungumzo ambayo hayakuwa na haraka.

"Cédrick nani?" aliuliza Fatuma.

"Cédrick Mulumeoderhwa."

"Mulume... Hilo jina peke yake ni safari!" Fatuma aliweka ungo chini. "Mushi, kabila ingine! Mukatolika wa Bukavu! Nasiba, umefanya nini? Yuma eko na ubaya gani?"

"Hana ubaya, shangazi."

"Basi!"

"Siku alipokuja hapa aliniuliza kama najua kupika sombe. Hakuniuliza swali la pili."

"Ile ya kwanza ilikuwa swali muzuri!"

"Fatuma, tulia," alisema mzee. "Tuko katika upelelezi." Lakini alipomgeukia binti yake, mzaha ulikuwa umemtoka machoni. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, papa. Niliogopa utasema hapana kabla ya kumuona."

"Kumbe nimemuona Jumamosi zote. Umemukalisha hapa mbele yangu, nikamupenda, nikamusifu, na nilizania ni Musuisi."

Nasiba hakujua kama anapaswa kucheka au kulia. Alikuwa bado akichagua pale sauti iliposikika kwenye baraza.

"Hodi!"

Fatuma alijifunika kitenge kichwani. Mzee aliitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama binti yake. "Saa tisa kamili," alisema. "Hata hiyo ulipanga. Karibu!"

Cédrick alikuwa mwanaume mrefu wa miaka thelathini na kidogo, mabega yamelowa, kitabu amekificha ndani ya koti. Alivua viatu barazani na kuvipanga ukutani. Alipovuka kizingiti, joto la nyumba lilitia ukungu kwenye miwani yake. Aliitoa, akachomoa pindo la shati, akaanza kuifuta.

Muzee Aruna alicheka mpaka akakohoa. Fatuma aliziba mdomo kwa upindo wa kitenge, mabega yakimtikisika, ingawa alikuwa ameapa moyoni kutompa mgeni huyu hata tabasamu moja. Cédrick, bila miwani, hakuona wazi ni nani anayemcheka. Aliirudisha usoni na kumtafuta Nasiba. Macho yao yalikutana. Katika macho ya Nasiba alisoma kwamba kila kitu kimejulikana. Alisoma pia kwamba Nasiba, kwa hofu yake yote, alifurahi kumwona chini ya dari hii kuliko alivyowahi kufurahi bandarini.

"Inspekta, karibu," alisema mzee. "Tulikuwa tunakutafuta. Keti."

"Shikamoo, muzee. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini?"

"Nimeleta kitabu, muzee."

"Hiyo ni alibi, kisingizio tu. Nimekuuliza umekuja kufanya nini."

Cédrick alikiweka kitabu mezani. Hakujificha nyuma yake tena.

"Nataka kumuoa Nasiba, muzee. Na nataka ni wewe unipe. Sitaki kukutana naye kwenye kona za bandari mpaka watu waanze kukuletea habari."

"Sisi ni Waislamu."

"Najua."

"Sasa utafanya nini na jambo hilo? Usiharakishe. Katika bile bitabu, mutu wa kujibu haraka mara mingi njo muuaji."

Matone yaligonga bati. Nasiba alikazia macho mikono ya Cédrick, iliyotulia juu ya magoti, na alitamani kuishika, hata kidole kimoja tu.

"Sijui bado, muzee," alisema Cédrick.

"Unaona!" Fatuma alipiga paja. "Hajui! Amekuja kuomba mutoto wa watu, na hajui!"

"Shangazi, ningeweza kusema leo kwamba nitasilimu. Ni jibu fupi, na lingekufurahisha. Lakini ningekuwa nimesema kwa ajili ya mwanamke, si kwa ajili ya Mungu, na wewe mwenyewe ungekuwa wa kwanza kunidharau." Alimgeukia mzee. "Kuna mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani huko Murara. Siku nikiwa na nafasi ninaenda kumuuliza maswali. Ananijibu, mengine ananirudishia. Nikifika, nitafika kwa miguu yangu. Nikishindwa, nitakuja mwenyewe kukuambia hapa kwenye hiki kiti. Sitamkalisha binti yako mbele ya mlango usiofunguka."

Muzee Aruna aliyapima maneno yale kama alivyozoea kupima daraja la mbao kabla ya kupitisha lori.

"Na mama yako?" aliuliza Fatuma. "Anajua?"

"Anajua, shangazi. Alilia."

"Hata mimi ningelia."

"Alilia siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza kama Nasiba anakula samaki wa sambaza."

"Ukamujibu nini?"

"Nilimwambia anazipenda sana, lakini anaacha vichwa vyote ukingoni mwa sahani, anavipanga kama askari."

Fatuma alimtazama mpwa wake. Kisha akamtazama mgeni, safari hii bila haraka. "Ni kweli," alisema, kana kwamba amelazimishwa kutoa ushahidi. "Tangu utoto. Nimechoka kumugombeza."

Nasiba aliinuka. Sauti yake ilikuwa ile aliyoitumia darasani siku ya mitihani.

"Papa, na mimi niseme. Ukikataa, sitatoroka. Nitabaki hapa, nitakusomea kila Jumamosi, na sitakununia. Lakini Yuma siwezi kumkubali. Wazee wake wakifika kesho nikae kimya, nitakuwa nimewadanganya watu wenye heshima. Sitaki kuwafanyia hivyo. Na yeye Yuma sitaki kumfanyia hivyo."

"Watatucheka, Murara nzima," alisema Fatuma, na sauti yake ilipasuka kidogo. "Nilitoa neno langu, yaya. Mimi, kwa mudomo yangu."

"Ulitoa neno kwamba waje tuongee. Haukutoa mutoto." Mzee alinyoosha mkono. "Lete simu. Hiyo haya nitaibeba mimi."

Alipiga mbele yao wote, mgongo umenyooka, kama mtu anayezungumza na mwenzake ana kwa ana.

"Aleykumu salaam, muzee yangu... Hapana, si sababu ya mvua... Kesho musisumbuke. Binti hayuko tayari, na mimi sitamusukuma... Hapana, hapana! Yuma hana kosa hata moja. Ningekuwa na binti wawili... Ndiyo. Fatuma hakujua. Lawama ni yangu... Mungu akuzidishie, muzee. Umenijibu kiungwana."

Aliirudisha simu kwa dada yake. Fatuma aliipokea na kuipangusa kwa kitenge, kisha akaendelea kuipangusa ingawa ilikuwa kavu.

"Sasa wewe, inspekta," alisema mzee. "Usishangilie. Sijakupa binti. Nimekupa kiti."

"Kiti kinanitosha, muzee."

"Hakikutoshi, usiniongopee. Mulete muzee wenu, mutu wa mvi, tuzungumze naye hapa. Na yale maswali ya mwalimu wa Murara, ukikwama, uniletee na mimi. Nitajibu yenye ninajua."

"Nitamleta baba mdogo, papa," alisema Cédrick. Neno *papa* lilikuwa limemponyoka, naye aliinamisha kichwa. Mzee alijifanya hakulisikia.

"Na wewe, Nasiba." Kidole kilimgeukia. "Ile ya hoteli na ile ya kiatu, sina neno. Ni hadithi, weka ndani yake mutu unamutaka. Lakini Odile alikufa kweli. Kuko mutu wa kweli aliyemutafutia haki, na wewe umemunyanganya kazi yake, ukaipa mupenzi wako. Utarudia kutoka pale anaingia dukani. Huyo mwenyewe alikuwa namna gani?"

Nasiba alifungua kitabu na kutafuta ukurasa. Midomo yake ilicheza.

"Mnene, papa. Anakohoa. Anakula bonbon, peremende, wakati wote, anatupa karatasi zake chini. Na viatu havui."

"Njo huyo!" Mzee alipiga mkono wa kiti kwa furaha. "Huyo sasa ni Muzungu."

Adhana ya alasiri ilianza kusikika. Muzee Aruna aliondoka kwenda uani kutawadha, na Fatuma akaingia chumbani mwake kutafuta kitu. Nasiba na Cédrick walitoka barazani, wakasimama mbali mbali kwa adabu, katikati yao viatu vilivyopangwa.

"Vitabu vitatu?" aliuliza Cédrick kwa sauti ya chini.

"Vitatu. Na katika kimoja nilikuvalisha robe."

"Ilinipendeza?"

"Ulimkamata muuaji."

"Basi ilinipendeza." Alitazama mvua, kisha akamtazama yeye, na hakuyaondoa macho yake. "Nasiba, nilipokuwa nasema sijui, niliona unafumba macho. Uliogopa?"

"Nilifumba ili nisikie vizuri. Hakuna mtu amewahi kuingia katika nyumba hii na kusema hajui. Wote wanajua."

"Na kama nitachelewa kujua?"

"Mimi ninasoma vitabu vinene," alisema Nasiba. "Sijawahi kuruka kurasa."

Alisogea hatua moja, kana kwamba anavipisha viatu. Mkono wake uligusa mkono wa koti la Cédrick lililolowa, ukabaki pale kwa muda wa pumzi moja. Wote wawili walijua kwamba hii ilikuwa mara ya kwanza kugusana bila kutazama nyuma.

Fatuma alitokea mlangoni. Mkononi alikuwa na mwavuli wake mwenyewe, ule wa maua mekundu ambao hakumwazima mtu. Alimsukumia Cédrick bila kumtazama.

"Yaya ana kifua. Akirudi amelowa, wewe njo utajibu. Umesikia, Mulume-nani?"

"Mulumeoderhwa, shangazi."

"Nitajifunza. Usinisukume."

Muzee Aruna alitoka amevaa kofia yake, akaingia chini ya maua mekundu bila kuuliza, wakaondoka.

Mzee alifika msikitini mkavu na kuswali alasiri. Cédrick alifunga mwavuli, akasimama nje chini ya bati la duka la jirani, akamngoja hadi swala ilipokwisha. Fatuma alijifunga kitenge cha pili, akapanda pikipiki ya kukodi mpaka Murara kwa mama yake Yuma, kwa kuwa habari ya namna ile haifai kuachiwa simu peke yake. Nasiba alipangusa sakafu, akachemsha chai ya tangawizi ya kutosha watu wanne, akaketi kuwangoja.